Jiko la kuni kwenye baraza la vioo: kisa cha nyumba moja Njombe

Nyumba yenyewe iko pembezoni mwa mji wa Njombe, juu ya kilima, uso wake ukitazama kusini mashariki. Tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule, bati la msauzi. Wenye nyumba ni mume na mke, wote walimu wastaafu, na wanaishi na mama mzazi wa mume, bibi ambaye siku hizi miguu haimfikishi mbali. Walipostaafu walichukua baraza la mbele wakalifunga: ukuta mfupi wa tofali unaofika kiunoni, juu yake fremu za aluminiamu na vioo vya milimita 5, na juu kabisa polikaboneti ya mawimbi, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, mahali pa bati, ili mwanga ushuke mpaka sakafuni. Wakapata chumba cha mita 4.5 kwa 3. Bibi akahamishia kiti chake humo, na wageni wakawa wanapokelewa humo. Wameniruhusu niandike habari hii mradi nisiwataje, kwa sababu majirani wawili wameshaanza kuziba mabaraza yao kwa namna ileile.

Juni ilipoingia, chumba kikageuka. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ya nyuzi 5 au 6 si habari ya kumshangaza mtu. Jua likitoka, chumba cha vioo kinapata joto la bure na unaweza kuvua sweta. Likizama tu, kioo kinalitoa joto lile nje kwa kasi ileile kilivyoliingiza. Saa moja jioni baraza linakuwa baridi kuliko sebule, kuliko jikoni, pengine kuliko ghala la mahindi.

Msimu wa kwanza waliingiza jiko la mkaa. Hili nalisema wazi kwa sababu linafanyika katika nyumba nyingi kuanzia Makete hadi Mafinga, Tukuyu na Uporoto, na watu wamekufa nalo usingizini. Mkaa unaowaka bila bomba unamwaga kaboni monoksidi chumbani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na damu inaipokea kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, ndio watu wanaouona salama, na ndio unaoua. Kwa hiyo wale walimu walipoamua msimu uliofuata kuachana na mkaa na kuweka jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje, waliamua jambo la maana. Shida ilianzia kwenye namna kazi ilivyopangwa.

Walikwenda kwa fundi wa kuchomelea wakamwambia wanataka jiko. Fundi ana mikono mizuri, na jiko alilowatengenezea ni zuri kweli: mtungi mkubwa wa gesi uliokwisha kazi, ukakatwa, ukawekewa miguu, mlango wenye bawaba nzito na kitundu cha hewa cha kufungua na kufunga. Bomba likaja baadaye, kama nyongeza. Bati jembamba lililokunjwa, kipenyo cha inchi 4, linapanda kidogo kutoka kwenye jiko, linapinda kona, linalala mlalo kama mita moja, linapenya mahali pa kioo kimoja kilichotolewa, linapinda tena na kupanda nje hadi chini ya ukingo wa paa la nyumba. Hapo likakatwa, likavikwa kofia.

Niliitwa kwa sababu ya polikaboneti. Ilikuwa imelegea na kujikunja juu ya jiko, mvua inaingia. Malalamiko mengine yalitoka polepole, tukiwa tunakunywa chai. Moshi unarudi chumbani kila wanapowasha. Kioo cha pembeni kimepasuka chenyewe usiku. Ukuta wa nje una michirizi myeusi inayonata kama lami. Silingi ya chumba cha kulala imeanza kuwa na rangi ya kahawia pembeni. Halafu mama mwenye nyumba akasema, kama jambo la kupita tu, kwamba bibi siku hizi jioni kichwa kinamwuma.

Nikamsalimu bibi na kumwuliza mwenyewe.

"Kinauma, mwanangu. Nikienda kulala kinapungua. Asubuhi nipo mzima."

"Na siku wasipowasha jiko, bibi?"

Akafikiri. "Siku hizo hakiumi."

Sikuendelea kupima paa. Kichwa kinachouma mtu akiwa karibu na moto na kupona akiondoka ni dalili ya kaboni monoksidi mpaka ithibitike vinginevyo. Nikawaomba jiko lisiwashwe tena hata mara moja mpaka kazi iishe, na bibi apelekwe hospitali akaeleze hivyohivyo alivyonieleza mimi. Mwalimu, yule mume, alitaka kujua kama wakifungua dirisha moja haitoshi. Haitoshi. Dirisha linapunguza gesi, halizuii jiko kuitoa, na mzee wa umri ule hana akiba ya kujaribia.

Kwa nini moshi ulikuwa unarudi

Watu wengi wanadhani jiko ndilo linalosukuma moshi utoke. Jiko halisukumi chochote. Kinachofanya kazi ni bomba: hewa ya moto iliyo ndani yake ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje, na tofauti hiyo ya uzito, ikizidishwa kwa urefu wa bomba, ndiyo nguvu inayovuta. Urefu ukiwa mdogo, nguvu ni ndogo. Bomba likipoa njiani, nguvu inapungua zaidi.

Hesabu yake si ngumu, na niliifanya pale mezani nyuma ya daftari la mwalimu, ambaye alifundisha fizikia na alifurahi kuisahihisha. Kwa mwinuko wa Njombe hewa ina uzito wa karibu asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam. Bomba lao, ukiacha ule mlalo ambao hauvuti chochote, lilikuwa limepanda mita 1.5 hivi, na kwa kuwa ni bati tupu lililokaa nje kwenye baridi, moshi uliokuwa ndani tuliukadiria kwenye wastani wa nyuzi 120. Nguvu iliyopatikana ni kama paskali 4 (paskali ni kipimo cha mgandamizo). Majiko ya kuni ya viwandani Ulaya hupimwa kwa mvuto wa paskali 12. Yaani jiko hili lilikuwa na theluthi ya pumzi linayohitaji, hapo bado hujatoa kinacholiwa na kona mbili na wembamba wa inchi 4.

Pale bomba lilipoishia palikuwa pabaya zaidi. Ni chini ya ukingo wa paa, upande wa kusini mashariki, na kusi ndio upepo wa miezi ile ya baridi. Upepo ukigonga ukuta unajikusanya chini ya ukingo, hauna pa kwenda, unabana. Mdomo wa bomba ulikuwa ndani ya mbano huo, kwa hiyo usiku wa upepo moshi ulisukumwa kurudi. Sehemu nyingine ilipanda kwenye nafasi za ukingo na kuingia darini, ndiyo maana silingi ya chumba cha kulala ilibadilika rangi. Bibi alikuwa akikutana na moshi uleule mara mbili, barazani na kitandani.

Na chumba hakikuwa na hewa ya kuingia. Fundi wa aluminiamu alifanya kazi safi mno, kila fremu imejazwa silikoni. Nilipima kwa udi: unawasha kijiti, unakishika mbele ya kitundu cha jiko na kutazama moshi wake unaelekea wapi. Jiko likiwa baridi na mlango wa sebuleni umefungwa, moshi wa udi ulisimama, kisha ukaja upande wangu. Tulipofungua mlango wa sebule ukageuka na kuingia ndani ya jiko taratibu. Kipimo hiki hakigharimu kitu na ningependa kila mwenye jiko la bomba akifanye, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.

Jiko kubwa mno kwa chumba

Hili walimu hawakulitegemea. Mtungi ule ukijazwa kuni na kufunguliwa hewa unaweza kutoa kilowati 8 au zaidi. Chumba kinahitaji kiasi gani? Kioo cha unene mmoja hupoteza karibu wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje, na polikaboneti ya bapa moja haiko mbali na hapo. Vioo vyao ni mita za mraba 14, paa 13.5. Ukitaka nyuzi 19 ndani na nje kuna 6, unapoteza kama kilowati 2. Ongeza ukuta mfupi na hewa inayopenya, unafika 2.5. Basi.

Kwa hiyo kila walipowasha, baada ya nusu saa walikuwa wanatoka jasho, wanafunga kitundu cha hewa ili moto upungue. Moto ukinyimwa hewa hauwaki, unafuka. Kuni inayofuka inatoa kaboni monoksidi nyingi, na inatoa mvuke mzito wenye utomvu usioungua ambao ukikutana na bati baridi unaganda kuwa kreosoti, ile lami nyeusi iliyokuwa inachuruzika ukutani. Kreosoti ni kuni ya namna nyingine. Ikijaa bombani na siku moja moto ukapanda vizuri, inawaka humohumo ndani, na moto wa bomba unaweza kuvuka nyuzi 1,000. Juu ya bomba hili kulikuwa na papi za paini, mbao zinazoshikilia paa, sentimita 6 kutoka kwenye bati. Nilipoishika papi ya karibu, upande mmoja ulikuwa umeshabadilika rangi. Mbao haisubiri kuguswa na moto. Ikikaa msimu baada ya msimu karibu na bati la moto, inakauka kupita kiasi na joto linalotosha kuiwasha linazidi kushuka.

Polikaboneti haikuwa fumbo. Inalegea ikikaribia nyuzi 150, na bomba tupu juu ya jiko lililokolea linapita hapo bila shida. Kioo nacho kilipasuka kwa sababu katikati kilipata moto wa jiko huku kingo zake zikiwa zimeshikwa ndani ya aluminiamu baridi. Katikati inatanuka, kingo zinakataa.

Tulichokifanya

Kabla ya chochote niliwauliza kama wanakihitaji chumba hicho usiku kweli. Si swali la adabu. Sebule yao ina kuta za tofali na silingi, na kwa nusu ya fedha wangeipasha kwa urahisi, baraza likabaki la mchana. Mume alielekea huko. Mke alikataa: bibi amekaa ndani maisha yake yote ya uzee akitazama ukuta, na sasa anaona barabara na watu wanaopita wanamsalimu "Kamwene!" kupitia dirishani. Hoja hiyo niliikubali. Hita ya umeme pia tuliizungumza. Kilowati 2.5 kwa saa nne ni uniti 10 kila jioni, msimu mzima, na umeme ukikatika ndio basi. Wanapikia gesi, na sikuona sababu ya kuwarudisha kwenye kuni kwa mapishi. Moto huu ni wa joto tu.

Basi tukaanza na bomba. Tuliamua kwanza mdomo wake utakuwa wapi angani, tukashuka kutoka hapo hadi sakafuni, na mahali tulipogusa sakafu ndipo jiko lilipowekwa.

Uingereza, ambako kuweka jiko la kuni kwenye chumba cha vioo ni kazi ya kawaida, mwongozo wa kanuni zao za ujenzi unataka dohani, yaani bomba la moshi, ya jiko la namna hii iwe na urefu unaotosha, na mita 4.5 ndio urefu unaotajwa kuwa wa kutegemewa. Marekani wana kanuni ambayo fundi yeyote anaweza kuikariri: mdomo uwe juu ya pale bomba linapotokea kwenye paa kwa futi 3 angalau, na juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kwa mlalo. Baraza ni kipande cha chini kilichoegemea nyumba ndefu, kwa hiyo kipimo cha kuangalia ni paa la nyumba kubwa. Hapo ndipo karibu kila mtu anapokosea: anapita paa la baraza kwa nusu mita na kuona amemaliza.

Paa la nyumba hii, ukienda mita 3 kutoka pale bomba lingetokea, liko mita 4.3 kutoka sakafuni. Ongeza futi 2, unapata 4.9. Tukaenda hadi 5.4, ili kutoka kitako cha bomba juu ya jiko hadi mdomoni iwe mita 4.65. Kwa bomba lenye joto la wastani wa nyuzi 200, mvuto unakuwa kama paskali 18. Pwani lingevuta zaidi ya 22, lakini huku juu hewa ni hiyo tuliyopewa.

Ili lisimame wima bila kona hata moja, jiko lilitoka kwenye pembe ya vioo likahamia mbele ya ukuta wa tofali wa nyumba, nusu mita kutoka ukutani. Ukuta ule unafyonza joto na kulitoa polepole moto ukizimika, faida ambayo kioo hakiwezi kukupa. Bomba linapita paa la baraza, kisha linatoboa ukingo wa msauzi, linaendelea. Kwa kuwa limesimama mita mbili na nusu juu ya bati, limeshikwa kwa vyuma viwili vya kuegemeza vilivyofungwa kwenye kenchi.

Fundi ni yuleyule, na nilisisitiza awe yeye. Sehemu ya chini ya bomba, mita 1.2 kutoka kwenye jiko, ni chuma cha bapa moja, kipenyo milimita 150, ili joto lake libaki chumbani. Kuanzia hapo linakuwa la mabomba mawili: la ndani la chuma kisichoshika kutu, la nje la bati la mabati, katikati sentimita 5 za sufi ya madini, ile inayostahimili moto wa tanuri. Sufi inaufanya moshi ubaki wa moto mpaka utoke, na inauzuia usichome kilicho jirani. Kuna mabomba ya kiwandani ya namna hii yaliyopimwa na kuthibitishwa, na mwenye uwezo wa kuagiza aagize. La kwetu halikupimwa na mtu, kwa hiyo nafasi ya kuachia mbao tuliiongeza: papi zilikatwa na kufungwa upya ili kusiwe na mti wala polikaboneti ndani ya sentimita 25 kutoka bomba la nje. Tundu lile limefunikwa kwa bati pande zote. Kwa bomba tupu la chini, kipimo cha Uingereza ni mara tatu ya kipenyo kufika kitu kinachoungua, yaani sentimita 45 hapa, na Wamarekani wanasema inchi 18, ambayo ni karibu hiyohiyo. Kiti cha bibi hakiruhusiwi kuvuka mstari tuliouchora kwenye marumaru.

Tulibishana kidogo kuhusu maungio. Fundi alitaka kila kipande cha chini kiingie ndani ya kile cha juu.

"Moshi unapanda, mkuu. Ukifunga kinyume utavujia kwenye maungio."

"Moshi utavutwa, hautavuja. Fikiria kinachoshuka. Bomba la mvua unalifungaje?"

Akanyamaza, akacheka, akageuza. Cha juu kiingie ndani ya cha chini, kama bomba la kushushia maji ya mvua, ili unyevu wowote au kreosoti ikishuka irudi ndani ya jiko ikaungue badala ya kutokea nje ya maungio. Kwa bomba la nje, linalopigwa na mvua, ni kinyume chake.

Ndani ya jiko tulipunguza tumbo kwa kujenga tofali za kuchoma pembeni na nyuma. Moto ukawa mdogo lakini mkali, na huo ndio unaotakiwa. Mkono wa mwalimu ulikuwa umezoea kufunga kitundu. Sasa anaweka kuni chache na kuacha hewa wazi.

Hewa ya kuingia inapita kwenye tundu la inchi 4 chini ya ukuta mfupi, nyuma ya jiko, lenye wavu wa panya na lisilo na mfuniko. Waingereza huhesabu milimita za mraba 550 kwa kila kilowati katika nyumba iliyozibwa vizuri. Tundu letu ni karibu mara mbili ya hapo hata ukihesabu kilowati 8, na huku juu sikuona sababu ya kubana. Mama mwenye nyumba alilalamika kuwa linaingiza baridi. Linaingiza, lakini karibu yote inaingia ndani ya jiko kabla haijafika miguuni.

Kengele ya kaboni monoksidi ilinunuliwa Dar es Salaam na mtoto wao akaileta. Imefungwa kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko. Ya pili iko chumba cha bibi. Namba 114 ya Zimamoto imeandikwa kwenye karatasi mlangoni.

Kuni

Hapa ndipo kazi yote ingeweza kuharibika upya. Njombe na Mufindi tumezungukwa na paini, mikaratusi na miwati, mabanzi yanatoka kwenye mashine za kupasulia mbao kila siku, na bei yake ni rahisi. Ndiyo waliyokuwa wakiyachoma, yakiwa mabichi. Banzi bichi la paini linaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mti wenyewe. Kila kilo ya maji inakula karibu robo tatu ya uniti ya joto ili igeuke mvuke, na hasara kubwa haiko hapo, iko kwenye moto wenyewe: unapoa, hauufikii ule ukali wa kuunguza utomvu, na bomba linajaa.

Paini anasingiziwa sana katika hili. Watu wanasema utomvu wake ndio unaoziba bomba, kwa hiyo wanakimbilia mkaratusi mbichi, wanapata masizi yaleyale. Paini iliyokauka inawaka safi. Tatizo lake ni kwamba inaisha haraka. Muwati uliokauka kwa jioni ndefu siubadilishi na kitu.

Kalenda yetu inasaidia. Mvua zinaisha kwenye Mei na kurudi Novemba. Kuni ya Juni hii haiwezi kukatwa Aprili hii. Ipasuliwe Agosti au Septemba ya mwaka uliotangulia, ipangwe kwa nafasi chini ya bati lililo wazi pembeni, ikae masika yote bila kunyeshewa. Kilo moja ya kuni kavu ina karibu uniti 4 za joto. Jiko hili likitoa nusu yake chumbani, kilo moja na robo kwa saa inatosha. Kwa jioni moja ni mzigo anaoubeba mtoto.

Kitu kimoja nimekipiga marufuku pale, na ningekipiga marufuku mkoa mzima kama ningeweza: vipande vya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa. Mafinga na Njombe kuna viwanda vya kutibu nguzo, na masalia yake, yenye ile rangi ya kijani, yanazagaa na kuokotwa kama kuni. Dawa ile ya kijani ina kromiamu, shaba na aseniki. Ukiichoma, aseniki inatoka na moshi, na inayobaki iko kwenye majivu, ambayo mtu anakwenda kumwaga kwenye mboga.

Majivu safi yanafaa kwenye udongo wetu wenye asidi. Yasiwekwe kwenye tuta la viazi mviringo, yanakaribisha ukurutu, ugonjwa wa ganda la viazi. Na yakae kwanza kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, kwa sababu kaa linaweza kuishi ndani ya majivu siku kadhaa.

Lilivyo sasa

Udi mbele ya kitundu unaingia ndani hata jiko likiwa baridi na mlango wa sebule umefungwa. Moshi haurudi wakiwasha. Msimu mzima kengele haikulia, isipokuwa wanapobonyeza kitufe cha kuijaribu. Kichwa cha bibi kimeacha kuuma, na daktari wake amearifiwa kuhusu jiko.

Tulifungua kizibo cha kusafishia katikati ya Julai na tena mwishoni mwa Agosti, tukapitisha brashi ya waya. Kilichotoka ni masizi makavu, mepesi, ya kupukutika. Hakuna kilichonata. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko maneno ya mtu yeyote kuhusu kuni zake.

Mambo mawili hayajaisha. Usiku wa kusi kali bomba linavuta kupita kiasi na kuni zinaisha upesi, kwa hiyo fundi anatengeneza kilango cha bati cha kupunguza mvuto. Nimemwomba akate tundu katikati ya kilango hicho ili hata kikifungwa kabisa njia ya moshi isizibe. La pili ni kioo. Jiko likizimwa saa nne usiku, saa nane chumba kimesharudi kwenye baridi ya nje, na hakuna jiko litakalobadilisha hilo. Mama ameanza kushona mapazia mazito ya blanketi kwa pande tatu, na mwalimu anakusanya fedha za kuweka polikaboneti ya bapa mbili kabla ya Juni nyingine. Mpaka hapo bibi analala chumbani kwake, ndani, na moto unaachwa uishe ukiwa na mtu macho.